Waliomfikisha Galgalo Nyumbani

Habari za vigari vitatu Tuye aliletewa na mama mkwe wake, Dokata. Mama huyo aliingia na vumbi la njia miguuni, akamkuta Tuye ameketi juu ya ngozi, mimba yake imebakiza wiki chache.

"Mwenye ile kambi ya wageni anafunga," Dokata alisema. "Anasema tumempa maji miaka sita, sasa anataka kutushukuru. Tuchague kigari kimoja kiwe chetu, cha kubebea wagonjwa."

"Vile vya wazi, vya kukimbizana mchangani?"

"Hivyo hivyo. Na mumeo kesharukwa na akili kwa ajili ya kile chekundu."

Kijiji chao, Eldima, kiko kaskazini kabisa, pale mawe meusi yanapoisha na mchanga kuanza. Gari la kawaida likifika hapo hugeuza. Mbele ni vilima vya mchanga mtupu, na ng'ambo ya vilima ni malisho ya ngamia. Mtu akiugua kule malishoni, aliletwa mgongoni mwa ngamia, na wengi walifika wakiwa wamekwisha kukata roho.

Sasa wasikilizaji, shikeni majina matatu, maana mwishoni mtaulizwa.

Wa kwanza ni Wario, fundi. Huyu alijaliwa masikio. Injini ikikohoa mbali, yeye husema inaumwa nini kabla haijafika.

Wa pili ni Isako, dereva. Huyu alijaliwa mikono. Aliwaendesha wageni wa kambi miaka minne vilimani, na hakuna hata mmoja aliyemwagikiwa na chai yake.

Wa tatu ni Qabale, mjane mwenye ngamia. Huyu alijaliwa nyayo. Akikanyaga mchanga peku, anajua kama utambeba ngamia au utammeza.

Hao watatu ndio waliotumwa kuchagua. Galgalo, mume wa Tuye, hakutumwa na mtu, lakini alikwenda, na nusu ya kijiji ikamfuata.

Kigari chekundu kilikuwa na viti viwili vya ubavu kwa ubavu, chepesi, chenye springi ndefu. Cha kijani kilikuwa kizito, na sanduku la mizigo nyuma. Cha buluu kilikuwa kirefu, cha viti vinne, rangi yake imefubaa kwa jua. Galgalo alikwenda moja kwa moja kwenye chekundu, akakaa, akafunga mkanda.

"Hiki! Kinakimbia kama mbuni. Mgonjwa akianza kusema 'nakufa,' neno atalimalizia zahanati."

Watu wakacheka. Wario hakucheka. Alifungua chujio la hewa la kile chekundu, akalikung'uta, mchanga ukamwagika kama unga. "Kifua chake kimekwisha," alisema. Cha kijani akakiwasha, akasikiliza, akakizima: kilikuwa kikichemka upesi. Cha buluu kilivuta hewa yake juu, nyuma ya kichwa cha dereva, na chujio lake lilikuwa safi. "Hiki kinapumua. Ila nipeni na mkanda wa injini wa kile chekundu. Ni wa aina moja na wa hiki, na mkanda hauagi ukitaka kukatika."

Isako alipima urefu kwa hatua. "Kifupi kikifika kileleni hupinduka kama mende. Kirefu hulala. Halafu, mgonjwa aliyevunjika mtamketisha vipi? Viti vya nyuma tuving'oe, tuweke godoro."

Qabale alikizunguka kile cha buluu mara mbili, akaangua kicheko. "Wanangu, mmechagua mnyama mzuri mwenye miguu ya mbuzi! Tazameni hizi tairi, nyembamba na ngumu. Mbuzi huchimba mchanga, ngamia hutandaza unyayo. Mvueni yule mwekundu viatu vyake, mvisheni huyu."

Wario akapima matundu ya skrubu, yakalingana. Ikawa hivyo.

"Mmetuchagulia punda," Galgalo alisema akishuka. "Tena punda mwenye godoro!"

Alirudi nyumbani amenuna kama mtoto. Tuye alimcheka mpaka akashika tumbo. Siku tatu baadaye Galgalo alichukua ngamia wa ukoo akavuka nao kwenda malishoni. Ngamia wake mmoja tu alimwacha nyumbani, yule wa maziwa, kwa ajili ya Tuye.

Huyo ngamia lazima mmjue. Pale Eldima, mtoto wa kiume kitovu chake kikidondoka, baba yake humwekea mtamba wa ngamia. Uzao wa ngamia huyo hauuzwi, hauchinjwi, wala haugawanywi. Hutoka mkono mmoja kwenda mkono mwingine, mzima mzima. Ngamia wa kitovu wa Galgalo alikuwa amebakiza uzao mmoja tu wa kike, ndiye huyo wa maziwa, na mtoto aliyekuwa akimnyonya alikuwa dume. Wale wa malishoni walikuwa wa ukoo, si wake.

Tuye alijifungua mtoto wa kiume. Siku ya sita, jua likiwa limepanda, mchungaji mmoja alifika kwa miguu, midomo imepasuka. Dume la ngamia lenye wazimu wa kutafuta majike lilikuwa limemwangusha Galgalo na kumkandamiza kifua kwa magoti.

Mzazi wa Eldima havuki ua kabla ya siku arobaini. Tuye alisimama kwenye mlango, mtoto kifuani, akasema na Isako aliyekuwa akimimina mafuta.

"Shemeji, mleteni."

"Tutamleta."

"Hata kama... mleteni amwone."

Gari la wagonjwa la mjini liliitwa kwa simu, lakini lilikuwa la barabarani, lingemsubiri pale pale Eldima. Basi wale watatu wakaondoka. Walifika malishoni jua likitua, maana mchana mchanga hulegea. Gizani vilima havivukiki, basi wakamlaza Galgalo juu ya godoro, wakaanza kurudi kulipopambazuka, mchanga ukiwa bado baridi na mgumu.

Qabale alitangulia peku. Kabla ya kila kilima alipunguza upepo kwenye tairi kwa kijiti, akapanda kwanza yeye, akatafuta upande unaopigwa na upepo, ulioshikamana. Pale ambapo wageni walizoea kupita, alikataa. "Hapo pana mdomo," alisema. Hawakuzama hata mara moja.

Isako alipanda kila kilima kwa kunyooka, na kileleni alipunguza mwendo mpaka pua ya kigari iinamie yenyewe upande wa pili, polepole. Vilima vilikuwa kumi na kimoja. Galgalo, mwenye mbavu zilizovunjika, hakupiga kelele hata mara moja. Kwenye kilima cha saba alifumbua macho akasema, "Kumbe siku ile mlikuwa mnanichagulia kitanda."

Na Wario? Kwenye kilima cha tisa mkanda ulikatika, saa nne, jua likiwaka. Alizamisha mikono kwenye chuma cha moto, akautoa ule uliokatika na kuuvisha ule wa kigari chekundu. Aliposimama, ngozi ya viganja ilikuwa imebaki kwenye chuma. Kigari kikawaka.

Walifika Eldima adhuhuri. Muuguzi wa zahanati aliweka sikio kwenye kifua cha Galgalo, akasikiliza kwa muda mrefu. Halafu akamgeukia dereva wa gari la wagonjwa, lililokuwa likinguruma tayari kwa safari, akamwambia azime injini.

Wakamwingiza nyumbani kwake.

Tuye alimlaza mtoto kwenye mkono wa baba yake. Galgalo alimtazama sana. Pumzi yake ilikuwa na sauti ya maji.

"Ngamia wangu wa kitovu," alisema, "apewe aliyenifikisha."

"Nani, baba wa mtoto? Waliokufikisha ni watatu."

Galgalo hakuwa akimsikiliza tena. Alikuwa akitazama kile kichwa kidogo. "Ana masikio yako," alisema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Tuye alimwondoa mtoto kwenye mkono ule kabla haujapoa.

Neno la marehemu, pale Eldima, hutimizwa kabla ya siku ya saba kupita. Siku ya sita Dokata aliwaita wale watatu uani. Tuye alikuwa ndani, mtoto akilia. Maziwa yake mwenyewe yalikuwa karibu kukatika kwa majonzi, na yale ya ngamia ndiyo yaliyokuwa yakimtia nguvu kidogo, apate matone mawili matatu ya kumnyonyesha mtoto. Alisikia kila neno.

"Mimi nitasema wazi," Wario alisema. "Bila mkanda wangu, mngekuwa bado kwenye kilima cha tisa mnafukuza tai. Na mikono hii haitashika spana kwa miezi. Nitakula nini?"

"Ungeufungia wapi huo mkanda, fundi?" Qabale alisema. "Kwenye shimo? Bila miguu yangu msingefika hata kilima cha pili. Sijadai kitu, lakini nikiulizwa, miguu ni yangu. Na ngamia wangu wanne walikufa ukame ule, mnajua."

"Mama, nani amesema hukuongoza?"

"Wewe, kwa hiyo mikono yako unayoionyesha kila mpita njia!"

Dokata akamgeukia Isako akamwambia, "Na wewe, mwanangu? Wote waliomwona wanasema mwendo wako ndio uliomfanya afike na pumzi."

"Msinipe," alisema Isako.

"Kwa nini?"

"Mama, mimi ndiye niliyesema kirefu. Kile chekundu kingefika malishoni mapema alasiri ile ile, na jioni tungekuwa hapa. Pengine gari la mjini lingemwahi. Yeye mwenyewe alikitaka. Sisi tukamcheka."

"Kifua cha kile chekundu kilikuwa kimekwisha!" Wario alisema. "Kingezima njiani."

"Pengine. Pengine kisingezima."

"Na angeketi vipi na mbavu zile?" Qabale aliuliza, lakini kwa sauti ndogo sasa.

Ndani, Tuye aliuma ncha ya kitambaa chake ili asitoe sauti. Kwa siku sita alikuwa amejilaumu kwa kile kicheko, na sasa alijua kwamba hakuwa peke yake.

Dokata alisimama. "Neno la mwanangu sitalivunja. Lakini alimwambia mke wake, hakuniambia mimi. Kesho Tuye ataamua." Aliingia ndani, akakaa karibu na mkwewe, akamnong'oneza, "Na ujue, kitovu cha huyu mdogo kimedondoka leo. Tukimtoa ngamia, mwanao hana ngamia wa kitovu. Ataulizwa maisha yake yote."

"Nifanye nini, mama?"

"Kama ningejua, mwanangu, ningekubebea."

Asubuhi iliyofuata Tuye alimkamua ngamia, akamnywesha Dokata, naye akanywa kidogo. Alimfunga mtoto mgongoni. Akaivua kamba kwenye kigingi, akamtoa ngamia nje ya ua, siku arobaini zikiwa bado mbali, na yule ngamia mdogo wa kiume akafuata nyuma akilia. Nje walikuwa wamesimama Wario mwenye viganja vilivyofungwa vitambaa, Qabale aliyekuwa peku, na Isako aliyekuwa akitazama chini. Tuye alinyoosha mkono wenye kamba.

Wasikilizaji, hapo ndipo nilipofika nayo. Je, ni Wario, aliyeunguza mikono? Ni Qabale, aliyeujua mchanga? Ni Isako, aliyemleta bila maumivu, na anayeamini kwamba ndiye aliyemchelewesha? Au ungemrudisha yule ngamia kwenye kigingi kwa ajili ya mtoto aliye mgongoni, na neno la baba yake ulizike pamoja naye?

Kamba iko mkononi. Wewe ungemkabidhi nani?