Mwanamke wa Ng'ambo ya Ndiva

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana mifereji nitakayoitaja bado inapitisha maji, katika milima ya Upare aliishi mwanamke aliyeitwa Nambua. Kazi yake ilikuwa kulinda ndiva, lile bwawa la udongo ambamo watu wa kule hukusanya maji ya chemchemi. Kila asubuhi aliimba wimbo wake, akachomoa kizibo, akashuka na jembe begani kugawa maji. Mfereji mkuu kwanza, halafu michirizi midogo mmoja baada ya mwingine, kila shamba likapata haki yake. Mpangilio huo ulikuwa kichwani mwake tu. Hakuna aliyewahi kumwomba amfundishe, kwa kuwa kila mtu alimwona Nambua kama mlima wenyewe, kitu cha kudumu.

Alikuwa na watoto wawili. Mkubwa aliitwa Mbonea, mwanamume wa maneno machache mwenye shamba lake upande wa chini. Mdogo aliitwa Nakunda, aliyerudi nyumbani baada ya kufiwa na mumewe, akawa analala chumba kimoja na mama yake. Hadithi hii ni ya Nakunda zaidi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuja kushika komeo la mlango.

Mambo yalianzia miguuni. Nambua akawa anaburuta nyayo, hatua fupi fupi, na akifika mlangoni anasimama kama aliyesahau mlango huvukwa vipi. Halafu siku moja akapeleka maji shamba lile lile mara mbili, la jirani likabaki kavu, jirani akanuna. Nakunda akamshika mama yake mkono, wakashuka hospitali ya bondeni.

Daktari alimpiga picha ya kichwa, akawaonyesha madoa meupe yaliyotapakaa. Akawaeleza kwamba presha ya miaka mingi imeichosha mishipa ya ubongo, siyo ile mikubwa, bali ile midogo kabisa, myembamba kama nyuzi za buibui. Iliyokwisha kuharibika haitarudi kuwa mizima. Kazi iliyobaki ni kuilinda iliyopona, kwa vidonge kila siku, chumvi kidogo, kutembea, usingizi mzuri na mazungumzo na watu.

Nambua aliitazama picha ile kwa muda mrefu. "Mfereji mkuu mzima," akasema. "Michirizi ndiyo imejaa tope."

Daktari akaitikia kwa kichwa. Nakunda akageuka upande, machozi yasionekane.

Watoto wakagawana kazi. Mbonea alimtembeza mama kila asubuhi hadi kwenye ndiva na kurudi. Nakunda alimpa vidonge, akampikia, akamwosha miguu jioni. Wengine mngechoka mapema, msinitazame hivyo. Hawa hawakuchoka.

Kwanza ukapotea wimbo. Nambua alisimama kando ya ndiva, akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Akacheka kwa aibu, akachomoa kizibo kimya kimya. Kesho yake ukungu ulikuwa mzito, na siku hiyo Nakunda ndiye aliyemsindikiza. Walipofika wakasikia wimbo ukiimbwa ng'ambo ya maji. Ulikuwa wimbo wenyewe, kwa sauti yenyewe, hata kile kikohozi kidogo ambacho Nambua alizoea kukitoa kabla ya ubeti wa mwisho. Nakunda akamtazama mama yake. Mama alikuwa pembeni yake, amefumba mdomo.

"Huyo anaimba vizuri," Nambua akasema. "Ni nani?"

Nakunda alimvuta mkono wakarudi nyumbani.

Halafu ukapotea ujuzi wa kusuka kata, ule mduara wa majani makavu ya mgomba wa kutulizia mtungi kichwani. Vidole vya Nambua vikazunguka zunguka na majani, mwisho akayaweka chini. Kesho yake kata ikaonekana ng'ambo ya ndiva, juu ya jiwe, imesukwa kwa mkono wa kushoto kama Nambua alivyosuka maisha yake yote. Ilikuwa bado ina joto la kiganja. Basi Nakunda akaelewa. Kilichopotea kwa mama, kesho yake kilikuwa ng'ambo.

Hapo katikati alifanya kosa. Mama alikuwa akilia chakula hakina ladha, anasukuma sahani kama mtoto, na Nakunda akamwonea huruma. Akatia chumvi kwenye maharage kama zamani, leo na kesho na keshokutwa. Mama akala, akafurahi, akamsifu. Siku chache baadaye ukapotea mpangilio wa michirizi. Pengine ungepotea vilevile, lakini Nakunda hakupata amani tena, na hakumwambia mtu.

Kijiji kikajua kwamba mashamba yatakauka. Kesho yake watu wakaamka wakakuta kizibo kimechomolewa na maji yamegawanywa, kila shamba limepata haki yake, hata ya jirani aliyenuna. Ikawa hivyo kila siku. Kwenye ukungu alionekana mwanamke mwenye jembe begani, anatembea upesi, haburuti miguu. Mwanzoni watu waliogopa. Mahindi yalipostawi, wakaacha kuogopa, wakaanza kumsalimia. Naye akawajibu mmoja mmoja kwa jina, akawauliza hali za wagonjwa wao.

Mwishoni likapotea jina. Nambua alimtazama binti yake aliyekuwa anampa dawa, akamwambia, "Ahsante, dada. Kwenu ni wapi?"

Nakunda alilia siku nzima, nami simlaumu. Alijua kesho yake kitakuja nini.

Kesho yake kukawa na mvua na ukungu. Mbonea alikuja kumchukua mama wakatembee, akazuiwa na mvua, wakakaa wote watatu jikoni, Nambua juu ya kigoda chake karibu na moto. Wakasikia hatua nje, nyepesi, zisizoburuzwa. Hodi ikabishwa mlangoni.

"Nakunda, mwanangu. Mbonea. Nifungulieni."

Nakunda akachungulia kwenye ufa wa mlango. Sura ilikuwa ya mama yake, yenye macho ya mama yake ya zamani, yale yanayokutambua kabla hujasema neno. Maji yalimtiririka usoni wala hakupepesa macho.

Yule wa nje akasema, "Mimi sikuiba kitu. Kilichomdondoka nilikiokota. Mlitaka kichukuliwe na maji? Nakumbuka ulivyozaliwa, Nakunda, umejizungusha kitovu shingoni. Namkumbuka mume wako na jinsi alivyocheka. Na ile chumvi, mwanangu, nimekwisha kukusamehe. Nafasi ya kukaa hapo kando ya moto ni ya mmoja. Nikiingia mimi, yeye aliyekaa hapo atatoka aende ukunguni, na hataumia, maana hatajua ameondoka. Msiponifungulia leo sitabisha tena, na niliyobeba nitakwenda nayo."

Nakunda akaweka mkono kwenye komeo. Hakuna aliyejua habari ya chumvi.

Mbonea akasimama. "Mfungulie," akasema. "Mama ni yule anayetujua. Nimemtembeza huyu kila asubuhi, na jana ameniuliza mimi mtoto wa nani. Nimechoka kumzika mama yangu kidogo kidogo. Na kijiji kizima kinakula kwa mkono wa yule wa nje."

"Mama ni huyu niliyemwosha miguu jana," Nakunda akasema. "Tumbo lililotuzaa liko hapa kwenye kigoda. Yule ana kila kitu cha huyu, lakini mbona hajauliza hali yake?"

Lakini mkono wa Nakunda tayari ulikuwa kwenye komeo, na haukutaka kutoka. Alitamani kuitwa jina lake mara moja tu zaidi. Alitamani kusamehewa na mtu anayekumbuka kosa.

Hapo Nambua akainua kichwa, akasikiliza mvua, akasikiliza pumzi ya yule aliyesimama nje. Hakujua ni nani. Hakujua waliokuwa ndani ni nani. Akaikamata fimbo yake, akainuka taratibu, akakisogeza kigoda karibu zaidi na moto, akakipangusa kwa ncha ya kanga yake.

"Mbona mnamwacha mwenzetu analowa?" akasema. "Mfungulieni akae hapa. Mimi nitampisha."

Nakunda akamtazama mama yake aliyesimama, na kigoda kilicho kitupu. Nje, yule mwingine akaanza kuimba ule wimbo wa kufungulia maji, akafika pale kabla ya ubeti wa mwisho, akakohoa kidogo, akangoja.

Ninyi mliokaa hapa mkinisikiliza, komeo sasa liko mikononi mwenu. Je, kati ya wawili hao, nani alistahili kigoda kile? Na ukimfungulia yule wa nje, utakuwa umemtii mama yako, au utakuwa umemfukuza?