Pimbi Anunua Kifurushi cha Tembo

Haya, mlioko hewani!
— Tuko hewani!
Mnanipata?
— Tunakupata!
Basi tegeni masikio, maana hii ikikatika siwezi kuiunga.
— Simulia, tunapokea!

Alikuwako Pimbi. Pimbi huyu alikuwa mjane, mdogo wa mwili, na alikuwa na watoto wawili wa kunyonya. Aliolewa mbali, kwenye mawe ya Majabali. Mama yake alibaki kwao, ng'ambo ya milima, safari ya siku nane kwa mguu wa pimbi. Kwenda na watoto mgongoni hakuweza, kuwaacha hakuweza. Basi yeye na mama yake walikuwa wakionana kwa sauti tu, kwa simu ya jirani.

Na simu zilikuwa na mwenyewe. Juu ya kilima ulisimama mnara, chini ya mnara palikuwa na banda, na ndani ya banda alikaa Kiboko. Tumbo lake lilijaza mlango. Karani wake alikuwa Kasuku. Neno lolote lililosemwa mbele ya Kasuku lilikuwa mkataba, kwa sababu Kasuku hasahau. Ukimuuliza, analirudia vilevile lilivyotamkwa, hata kikohozi anakitia.

Kiboko aliuza vifurushi, na bei yake ilikuwa mtama. Kifurushi cha Mchwa, kibaba kimoja, dakika tatu. Kifurushi cha Nyuki, vibaba vitatu, dakika kumi, lakini jua likizama kinakwisha, uwe umeongea au hukuongea. Na kulikuwa na Kifurushi cha Tembo, pishi arobaini, mwaka mzima. Hicho hakuna aliyewahi kukinunua. Wanyama wa Majabali walikuwa maskini, wakanunua Mchwa. Leo Mchwa, kesho Mchwa, keshokutwa Mchwa.

Siku moja mchana Pimbi anapepeta nafaka, simu ikalia. Kriii! Kriii!

"Haloo?"

"Pimbi? Ni mimi Kanga, jirani wa mama yako. Sikiliza upesi, salio linakwisha. Mama yako ame—"

Tiit-tiit-tiit.

Ikakatika. Pimbi akaitazama simu. "Ame nini? Amepona? Ameanguka? Ame nini?"

Akachota kibaba kimoja, akakimbia kilimani, akanunua Mchwa. Akapiga. Kwanza likaja tangazo, kwa sauti ya Kasuku: "Mpendwa mteja, asante kwa kuchagua mnara wa Kiboko! Mnara wa Kiboko, mnara wa moyo!" Dakika moja ikaliwa. Kisha simu ikaita, kriii, kriii, kriii, maana Kiboko alihesabu hata mlio. Dakika ya pili ikaliwa, ya tatu ikabaki kipande. Kanga akapokea.

"Haloo?"

"Haloo, Mama Kanga! Mama ame nini?"

"Haloo? Nani? Sauti yako ndogo, sema te—"

Tiit-tiit-tiit.

Kesho yake akachota vibaba vitatu, akanunua Nyuki. Tangazo likala dakika yake. Mlio ukala dakika mbili. Akapokea mtoto wa Kanga, akasema yeye hajui kitu, mama yake yuko shambani, atarudi jioni. Pimbi akakata haraka kuzilinda dakika saba zilizobaki. Akakaa juu ya jiwe, simu mapajani, akilitazama jua. Jua likashuka. Kanga hajarudi. Jua likashuka tena. Akapiga, kriii, kriii, hakuna anayepokea. Jua likazama, na dakika zake zikazama nalo.

Siku ya tatu chunguni palikuwa na mbegu tu za kupanda. Pimbi akapanda kilima mikono mitupu.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Leta kibaba."

"Sina, bwana. Nikopeshe dakika moja tu. Nataka kujua habari ya mama yangu."

Kiboko akatafuna, nyam, nyam, nyam. Akasema, "Hapa kila mtu ana mama. Nikimkopesha kila mwenye mama, nitakula nini?"

Pimbi hakulia. Alisimama pale akiyatazama magunia ya mtama yaliyopangwa mpaka darini, na ndani yake, huko chini, kulikuwa na kibaba chake cha juzi na vibaba vyake vya jana. Kisha akauliza taratibu, "Na hiki cha Tembo, bwana, kikoje?"

Kiboko akacheka mpaka banda likatikisika. "Wewe? Tembo?"

"Nauliza tu."

"Pishi arobaini. Unaongea mwaka mzima."

"Mpaka nichoke?"

"Mpaka koo likauke."

"Hakuna kukatwa?"

"Hakuna kukatwa."

"Wala tangazo, wala kuhesabiwa mlio?"

"Wala tangazo, wala mlio."

"Hata simu hii ikiongea tangu jua linachomoza mpaka linazama?"

Kiboko akakiangalia kile kidomo, kidogo kama punje. Akaziona pishi arobaini zikiingia kwa mkupuo mmoja. Mate yakamdondoka, to, to, to. "Hata isipopumzika! Simu yako ikiwa na Tembo, mimi sina neno. Kasuku, shika maneno hayo."

"Nimeyashika," akasema Kasuku.

Pimbi akashuka. Akaenda kwa Digidigi. "Dada, kwa mwezi unanunua Mchwa ngapi?"

Digidigi akahesabu. "Ishirini. Mume wangu yuko machimboni. Na bado hatujawahi kumaliza hata salamu."

"Vibaba ishirini ni pishi tano. Nipe nne, mara moja, uongee mwaka."

Akaenda kwa Nungunungu. "Kaka, unanunua Mchwa ngapi?" Nungunungu akahesabu, akashika kichwa. Akatoa nne. Akaenda kwa Kobe, akaenda kwa Kanu, akaenda kwa Fungo. Nyumba kumi, pishi nne nne. Ya kumi ilikuwa nyumba yake mwenyewe. Akatoa mbegu zote za kupanda. Hazikutosha, akaongeza chungu na ungo wake, Kobe akavichukua na kumjazia pishi.

Kesho yake wakabeba magunia kilimani. Kiboko akapokea, akapima, akaramba kibaba. Pimbi akapewa Tembo.

Wakashuka wote mpaka kwenye mawe. Kila mmoja alikuwa na wake wa kumpigia, lakini Digidigi akasema, "Anza wewe." Na wote wakasema, "Anza wewe, Mama Pimbi."

Pimbi akapiga. Hakuna tangazo. Kriii. Kriii.

"Haloo?"

"Mama Kanga, ni Pimbi. Sasa sikatwi. Sema polepole. Mama ame nini?"

Kanga akasema, "Ah, mwanangu. 'Mama yako amezidiwa.' Ndivyo nilivyotaka kukwambia siku ile. 'Amezidiwa, anataka kusikia sauti yako.' Nilipokatwa nilitafuta mtama nyumba hadi nyumba, sikupata. Ulipopiga nikainuka nimwekee simu sikioni, ikakatika. Siku ile nyingine nilikuwa shambani, nikarudi usiku. Jana alfajiri akatutoka. Tulimzika jana hiyohiyo."

"Alisema nini?"

"Aliuliza, 'Hajapiga?' Nikamwambia umepiga, mtandao tu. Akasema, 'Basi atapiga.'"

Pimbi hakukata simu. Kanga naye hakukata. Wakakaa hivyo, huku kimya, kule kimya, na hapakuwa na kitu cha kuwakatiza. Jua likatoka upande mmoja wa jiwe likaenda upande mwingine. Wanyama tisa wakakaa chini wakingoja.

Mwishowe Pimbi akampa Digidigi simu. "Ongea na mumeo," akasema.

Digidigi akaongea. Nungunungu akaongea. Kobe akaongea, na Kobe anavyosema polepole! Tangu jua linachomoza mpaka linazama, simu ile haikupumzika. Wiki ya kwanza bandani kwa Kiboko hakuja mtu. Wiki ya pili hakuja mtu. Wiki ya tatu Kiboko akashuka mwenyewe, pu! pu! pu!, mawe yakibingirika.

"Wezi! Nimemuuzia mmoja, wanaongea kumi!"

Pimbi alikuwa amekaa, watoto wakinyonya. Hakuinuka. "Muulize karani wako," akasema.

Kasuku akatua juu ya jiwe, akasema kwa sauti ileile ya Kiboko, pamoja na mate yake: "Hata isipopumzika! Simu yako ikiwa na Tembo, mimi sina neno."

"Lakini nilidhani mdomo ni mmoja!"

"Hukutaja mdomo, bwana," akasema Pimbi. "Ulitaja simu. Na simu ni moja."

Maneno yalikuwa yake. Kiboko akarudi kilimani, akala mtama mpaka gunia la mwisho, kisha akateremka mtoni kutafuta majani kama wenzake. Mnara ukabaki unalia upepo, vuuu, vuuu, na mwaka mzima Majabali wakaongea bila kukatwa.

Na Pimbi? Pimbi ndiye mwenye kifurushi. Kila siku anakaa kwenye jiwe na simu yake, anawapa watu. Huyu anacheka na mama yake, yule anagombana na mama yake, mwingine anamfundisha mama yake namna ya kupika dawa. Wakimaliza wanamrudishia, ikiwa na joto la masikio yao. Wanamwambia, "Mama Pimbi, piga na wewe." Naye anaishika. Ana mwaka mzima. Hana namba.

Hapo ndipo mtandao wangu ulipofika. Aliyesikia amesikia, asiyesikia asinipigie.
— Tumesikia!

Mnataka na funzo? Funzo ni hili: wanangu, mkiwapigia mama zenu, fupisheni maneno. Mazungumzo marefu yanamaliza chaji.