Mghoi na Zimwi Lililokalia Pilau

Ngano nitawapa, mnaitaka? Basi itikieni, hata wenye njaa.

Palikuwa na kijiji ambapo kila Krismasi zimwi lilikuja kukalia chungu cha pilau. Kila mtu alishika kifuniko na kutaja anachoshukuru; akisema kweli kifuniko kilinyanyuka, ndipo apakuliwe. Ukidanganya mara tatu, unamezwa mzimamzima.

Wote wakapita. Akabaki Mghoi, msichana aliyemzika mamake mwaka huohuo.

"Nashukuru kwa uhai," akasema. Kifuniko hakikutikisika.

"Moja," likasema zimwi.

"Nashukuru kwa digrii yangu."

Zimwi likacheka hadi mate yakaruka. "Ile iliyokuacha unachota maji? Mbili, my dear."

Shangazi yake, Wakesho, akamnong'oneza, "Mwanangu, tafuta hata kitu kidogo. Si unapumua? Kuna wenye shida kukushinda."

Mghoi akatafuta moyoni, akakuta pamekauka kabisa. Akaona afadhali aliwe akisema kweli.

"Sina," akasema. "Mama hayupo, kazi hakuna, na hizi sherehe zenu zinanipa stress. Mwaka huu sishukuru chochote. Full stop."

Kifuniko kikanyanyuka chenyewe. Zimwi likayanusa maneno yale, likatafuta uongo, likaukosa. Likaondoka na njaa yake, likitukana njia nzima.

Pilau ilikuwa imepoa. Shangazi Wakesho akampakulia, akaketi kando yake. Hakumhubiria tena.

"Nami namlilia mamako," akasema tu.

Wakala wakilia. Ngano yangu imekomea hapo. Anayetaka ya kuchekesha akaitafute kwao.