Kanga Kubwa ya Ghalani

Hadithi hii imenifikia kutoka kwa watu wawili tofauti ndani ya wiki moja, mpaka nikajiuliza kama ni bahati tu au kuna mtu ananifumbia. Isome yote kwanza, ndipo uamue wa kumpelekea.

Palikuwa na mchoraji aitwaye Sikudhani, mkazi wa mtaa wa Ghalani katika mji mdogo wa kando ya reli. Riziki yake ilikuwa kuandika vibao vya maduka na kuchora vichwa vilivyonyolewa vizuri kwenye kuta za vinyozi. Lakini kila shule zilipofungwa mwezi wa sita, aliviweka vibao kando, akawakusanya watoto wa mtaa ndani ya ghala la zamani la katani na kuwafundisha kuchora. Hakuna aliyemlipa. Alipoulizwa anapata nini, alijibu kwamba anapata kelele, na kelele za watoto wanaochora ni afadhali kuliko za watoto wasio na la kufanya.

Mwaka huo mwenyekiti wa mtaa, Mzee Shemweta, alimwita. Mwisho wa likizo pangekuwa na tamasha la mtaa, lenye ngoma na mashindano ya mapishi na wageni kutoka mjini. Alitaka ukuta mrefu wa ghala, ule unaotazama barabara, uchorwe na Sikudhani pamoja na watoto wake.

"Ukuta ukipendwa," alisema, "ghala litakuwa darasa la watoto moja kwa moja. Ukileta maneno, nitampa Bwana Mhina wa saruji. Ameliomba siku nyingi liwe stoo yake."

Sikudhani alikuwa amelitamani ghala lile kwa miaka. Kila likizo ilipokwisha alifungasha makopo ya rangi na kuwarudisha watoto barabarani, na kila mara iliuma. Alikubali kabla mzee hajamaliza kusema.

Watoto walibishana kutwa nzima juu ya nini kichorwe. Wengine walitaka treni, wengine timu ya mpira. Mwishowe msichana mmoja mpole, Mwanaheri, akasema wachore kanga, kwa kuwa hakuna nyumba isiyokuwa nayo. Wote wakaanza kugombania rangi, dalili kwamba wamekubali.

Basi wakaugeuza ukuta mzima kuwa kanga. Walizungusha pindo la michoro ya korosho, nyekundu na nyeusi. Watoto walifurahi mno walipokumbushwa kwamba ile sehemu ya katikati ya kanga nayo huitwa mji, na ndani ya mji wa kanga wakauchora mji wao: reli, soko, msikiti, kanisa, na mbuzi wengi kupita kiasi, kwa sababu mbuzi ni rahisi kuchora. Ikabaki nafasi ya jina, yale maneno ya chini. Hilo Sikudhani alilichagua mwenyewe. Aliandika JIRANI NI NDUGU, akaona amemaliza.

Hapo ndipo alipokosea, ingawa nani angemlaumu? Kila aliyelelewa na mama mvaa kanga anajua kwamba jina la kanga halisomwi peke yake. Linasomwa pamoja na aliyeivaa, aliyepita mbele yake, na jambo lililo baina yao. Na mbele ya ukuta ule, nyumba mbili zikipakana, walikaa Bi Chausiku na Bi Mwantumu.

Wawili hawa waliwahi kuwa mashoga wa chanda na pete. Kisha Bi Mwantumu akafiwa na mama yake, na Bi Chausiku hakuonekana msibani, si siku ya maziko wala siku ya kuanua matanga. Ilisemekana amesafiri, ameenda kwa dada yake kupunga upepo. Aliporudi alikuta kanga mpya imeanikwa upande wake, imeandikwa RAFIKI WA SHEREHE SI WA MATANGA. Naye hakulala. Alitafuta yake iliyoandikwa USIYOYAJUA YAACHE, akaianika ikitazama upande wa pili. Tangu hapo walikuwa wakizungumza kwa kamba za nguo tu, na kusema kweli waliyafaidisha sana maduka ya kanga.

Asubuhi ile Bi Chausiku alifungua mlango, akasoma ukuta, akavuka barabara bila hata kufunga kilemba.

"Shikamoo shangazi," akasema Sikudhani.

"Marahaba. Amekutuma, sivyo?"

Sikudhani hakuelewa. Bi Chausiku akamwonyesha ngazi. Ngazi ile ilikuwa ya Bi Mwantumu, Sikudhani aliiazima, na huo ukawa ushahidi tosha. Kumbe kwake JIRANI NI NDUGU maana yake ni kwamba mtu hakosi kumzika mama wa ndugu yake, na sasa limeandikwa kwa herufi za kusomwa na abiria wa treni. Macho ya yule mama yalikuwa yamejaa machozi. Sikudhani aliona aibu, akalifuta jina siku hiyo hiyo.

Mara hii alitafuta maneno yasiyomgusa mtu. Aliandika MTOTO NI WA WOTE. Nani angekasirishwa na mtoto?

Alisahau kwamba binti wa Bi Mwantumu alikuwa amerudi nyumbani na mtoto mchanga, na kwamba jina la baba lilikuwa bado halijatajwa. Bi Mwantumu hakungoja asubuhi. Alitoka na kijiko cha ubwabwa mkononi, akauliza kwa sauti ndogo inayotisha kuliko ya juu kama hayo ndiyo wanayofundishwa watoto humo ghalani. Yeye naye alikuwa na ushahidi. Maji ya kuchanganyia rangi yalikuwa yakichotwa kwa Bi Chausiku.

Sikudhani alifuta tena. Safari hii akaiacha nafasi wazi, nyeupe, isiyo na neno. Alijiambia kwamba nyeupe haiwezi kumtukana mtu.

Siku ya pili alikuja mwenyekiti mwenyewe. Alisema ameambiwa kwamba vijana wa kijiweni wanapita wakijaza ile nafasi kwa midomo yao, na wengi wanalitaja humo bomba la maji aliloliahidi wakati wa uchaguzi na ambalo halijafika. Hakupiga kelele. Alimkumbusha tu Sikudhani walivyokubaliana: ukuta ukileta maneno, ghala ni la Bwana Mhina. Alimpa mpaka Ijumaa apate jina ambalo halitamuudhi mtu yeyote, la sivyo ukuta wote utapigwa chokaa kabla ya wageni kufika.

Watoto walisikia. Mwanaheri aliuliza kama hata mbuzi watapigwa chokaa. Sikudhani alikaa juu ya kopo la rangi akiwatazama mbuzi wale ukutani.

Kisha akasimama, akajifuta mikono, akaenda kubisha hodi kwa Bi Chausiku. Alikuwa amechoka kubahatisha.

"Shangazi," alisema walipokwisha kuketi, "mimi nimechagua mara mbili na nimekosea mara mbili. Chagua wewe. Kama una neno na Bi Mwantumu, nipe nikaliandike kwa herufi kubwa, maneno yaishe."

Bi Chausiku alisema anayo, tena mengi. Lakini hakuyatoa. Alikunja na kukunjua upindo wa kanga aliyovaa, na alipozungumza sauti ilikuwa imekwisha nguvu.

"Andika: nilikuwa naumwa."

Sikudhani akasema kwa upole kwamba hilo si jina la kanga.

"Najua. Lingekuwa jina la kanga ningeshalinunua."

Ndipo akaeleza. Hakwenda kwa dada. Alikuwa amelazwa hospitali ya mkoa kufanyiwa upasuaji wa uvimbe tumboni, na hakumwambia mtu kwa kuogopa mdomo wa mtaa. Habari ya msiba ilimkuta wodini na mshono mbichi. Aliporudi alikusudia kwenda kumwambia shoga yake kabla ya mtu mwingine yeyote, lakini akaikuta ile kanga kwenye kamba, na moyo wake ukafunga mlango.

Sikudhani alishika brashi yake. Mtu mwingine angelikimbilia ukuta. Yeye alisema, "Hili siliandiki, shangazi. Nikiliandika utalisoma mtaa mzima kabla ya mwenyewe. Mlango wake ule pale, na uko wazi."

Bi Chausiku alivaa viatu, akavua, akavaa tena. Mwisho akatoka. Sikudhani alimfuata mpaka kizingitini tu, lakini watu wa Ghalani hawana siri ya sauti, na yote aliyasikia. Alimsikia Bi Chausiku akisema lile neno lake moja, na hospitali gani, na mshono. Kisha Bi Mwantumu, huku analia:

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza. Ulianika kanga."

"Na wewe ukaanika yako."

Walilia wote wawili, halafu wakaanza kucheka, halafu Bi Mwantumu akamlaumu mwenzake kwa kukonda na kumtengea wali. Jioni walivuka barabara pamoja wakamwambia Sikudhani wamepata jina la kanga yake. Alipolisikia aliomba walirudie. Akalipaka bila kubadilisha herufi.

Siku ya tamasha watu walijaa mbele ya ukuta kuliko mbele ya ngoma. Chini ya mji wenye mbuzi wengi, jina lilisomeka hivi: MBONA HUKUSEMA?

Wengi walicheka walipolisoma, kisha kicheko kikakatika, maana kila mmoja alikuwa na mtu aliyemjia akilini. Mzee Shemweta alisimama pale kwa muda mrefu, mikono nyuma, na Sikudhani alimtazama kwa wasiwasi kutoka mbali. Hatimaye akamwita pembeni.

"Mwalimu, hili umeniandikia mimi?"

"Hapana, mwenyekiti. Ni la Bi Chausiku na Bi Mwantumu."

Mzee alitikisa kichwa. Akasema basi limefika mahali lisipotumwa. Akakohoa, akamweleza kwamba ghala alikwisha kumwahidi Bwana Mhina tangu kabla ya likizo, kwa kupeana mikono. Alipomwita Sikudhani alishindwa kumwambia, akatoa ahadi ya pili juu ya ya kwanza. Ndiyo maana alikuwa akisubiri ukuta ulete maneno. Ulipoyaleta alipata nafuu, ulipotulia akakosa usingizi.

Sikudhani alikasirika, tena sana. Likizo nzima alikuwa amewatumainisha watoto kwa kitu kilichokwisha kugawiwa. Maneno ya kumchoma yule mzee yalimjia tayari yamepangika vizuri, yangefaa hata kanga. Akayameza.

"Nimeumia, mwenyekiti," alisema. "Nakwambia wewe mwenyewe, nisije nikawaambia wengine. Na wewe mwambie Bwana Mhina. Yule pale kwenye mishikaki."

Wakaenda. Bwana Mhina alipomwona mwenyekiti aligeuka kama mtu anayetaka kujificha nyuma ya moshi. Mzee hakuzunguka. Alisema ameahidi ghala moja kwa watu wawili, kwamba kosa ni lake, na kwamba anaomba aruhusiwe kuitengua ahadi ya kwanza.

Bwana Mhina aliuweka mshikaki chini.

"Mzee wangu, mbona hukusema? Mimi nimepata chumba pale sokoni tangu mwezi uliopita, na saruji imeshahamia. Nilikusumbua sana juu ya lile ghala, nikaona haya kuja kukwambia silitaki tena. Mwezi mzima nakukwepa."

Mwenyekiti alitazama ukuta, akamtazama Bwana Mhina, kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa ufunguo wa ghala. Sikudhani aliupokea kwa mikono miwili, akaenda kuwaambia watoto.

Funzo: Fumbo humfikia kila mtu isipokuwa yule uliyemkusudia; ukiwa na neno na mwenzako, mwendee umwambie kwa mdomo wako.