Mnara Mrefu wa Kijomu Usiolia

Mkifika Kijomu mtaona mnara wa kanisa mrefu kuliko yote huku milimani, mwembamba kama mwanzi, na mtausubiri ulie mpaka mchoke. Haulii. Zamani haikuwa hivyo. Zamani Kijomu na Ndorwe zilitazamana tu, huku na ng'ambo ya bonde, kila kijiji na kanisa lake fupi, kila kanisa na kengele yake, na hakuna aliyempimia mwenzake.

Shida ilianza kwa Fundi Senzota wa Kijomu. Yeye na Sefania wa Ndorwe walifundishwa uashi na mtu mmoja, wakala sahani moja. Halafu Sefania akajenga mnara. Haukuwa wa kutisha, mnene tu, umetulia, ila watu wakausifia mpaka sokoni, tena mbele ya Senzota, wakimuuliza wa kwake lini. Roho ilimuuma.

Akaomba msaragambo, ile siku kijiji kizima kinaacha mashamba na kubeba mawe kutoka mtoni, akaanza kujenga. Alipofika sawa na Sefania angeweza kutulia, maana hata yeye walishaanza kumsifia. Ila kila asubuhi alikuwa na kamchezo kake: anasimama nyuma ya nyumba, anafumba jicho moja, ananyoosha kidole na kupima mnara wa ng'ambo. Asubuhi moja akaona umeota. Kesho yake umeota tena.

"Huyu ananifanyia makusudi," akamwambia mkewe, Nakijwa.

"Baba Elinami, wewe jenga wa kwako. Wa Sefania una mwenyewe."

Hakusikia. Akaongeza kozi, safu nzima ya mawe. Wa ng'ambo ukaota, akaongeza nyingine. Wanawake migongo ikawauma, wakasema mtoni hawarudi tena, naye badala ya kuacha akapunguza unene wa ukuta ili mawe yaliyobaki yampeleke juu zaidi. Akampita Sefania. Akampita mbali.

Siku ya kupandisha kengele akaalika Ndorwe nzima, akamwekea Sefania kiti cha mbele kabisa, aone vizuri. Kamba ikavutwa. Mlio wa kwanza, vigelegele. Wa pili, mchanga ukawamwagikia watu vichwani. Wa tatu, mnara ukayumba kama mgomba, na waumini wakatoka mbio, mchungaji akiwa mbele yao kashika kanzu mkononi.

Kengele ikashushwa. Wakaitundika kwenye mti, sauti ikaishia migombani, watu wa bondeni wasisikie kitu. Wazee wa kanisa wakakaa, wakaona mnara wenye nafasi na nguvu ya kubeba kengele mbili ni ule wa Ndorwe. Sefania akaja na vijana wake kuichukua. Hapo Senzota akashindwa kuvumilia, akamuuliza kwa nini alikuwa anaupandisha wa kwake kila siku kama si kumkomoa.

"Kaka, mimi sijaongeza hata jiwe," Sefania akasema. "Uliyoiona ikiota ni mirunda ya kupandia. Nilikuwa napiga lipu. Tuliizungushia magunia, jua lisiikaushe lipu."

Senzota akaangalia ng'ambo. Mirunda ilishafunguliwa, magunia hayapo. Mnara ulikuwa palepale, mfupi, mweupe, lipu imenyooka kama imepigwa pasi. Na hata baada ya yote hayo, pale pale aliposimama, akaionea wivu ile lipu.

Na tangu siku hiyo mnara wa Kijomu ndio mrefu na ndio bubu. Jumapili watu wa Kijomu wanavaa, wanakaa kibarazani, wanasikilizia Ndorwe. Ikilia kengele ya kwanza hakuna anayenyanyuka, hiyo ya wenyewe. Ikilia ya pili ndiyo wanainuka, wanafunga milango, na njiani utawasikia wakiambizana kwamba hii yetu ina sauti nzuri kuliko ile ya kwao.