Mashine Iliyotaka Kuambiwa Ukweli

Paukwa?
Pakawa.
Pakawa na mto?
Mto ukajaa.
Pakawa na mashine?
Mashine ikagoma.

Basi sogeeni. Mwenye aibu asikae nyuma, hadithi ni yake. Mimi nimeshakaa mbele.

Hapo kale, kale ya juzi tu, Bi Nguchiro alikuwa na mtumbwi, na nyuma ya mtumbwi amefunga mashine ya mtumba. Aliipata kwa kubadilishana na asali ya misimu mitatu. Ilikuwa kuukuu, inatoa moshi, inakunywa petroli iliyochanganywa na oili. Kuiwasha kulikuwa na utaratibu: legeza skrubu ndogo ya hewa kwenye kifuniko cha tangi ili petroli ishuke, minya pampu ya mpira mpaka iwe ngumu, vuta choki, kisha vuta kamba. Pampu, choki na kamba kila mtu aliviona. Skrubu aliijua Nguchiro peke yake, maana kila safari alikaa juu ya tangi.

Siku moja Bwana Mbogo akatangaza anakwenda kuposa ng'ambo. Akapita kwa Kobe, akasema, mchango wa posa, akabeba mahindi yote. Akapita kwa Kanga, mchango wa posa, akabeba yote. Akapita kwa Nungunungu, akapita kwa Nguchiro, akabeba yote. Yalikuwa mahindi ya kula mpaka mvua zije. Nani alikataa? Kila mmoja alitazama kucha zake, kisha wakamsaidia kupakia. Ningekuwapo, mimi ningesukuma mtumbwi. Sijifichi.

Mwisho Mbogo akasema mtumbwi nao ni mchango, na Nguchiro atakuwa fundi wake. Nguchiro hakubisha. Akapanda, akakaa juu ya tangi.

Mbogo, kanzu nyeupe mwilini, akavuta kamba. Ngrrr! Tu-tu-tu-tu! Mashine ikawaka, ikakojoa maji yake ya kupoza vizuri, wakaenda. Ng'ambo wakwe walishajipanga kandoni. Mama mkwe mtarajiwa alikuwa amejitanda kanga na kugeuzia uso pembeni, kama heshima inavyotaka, maana mkwe hatazamwi usoni.

Walipokaribia, Nguchiro akateremsha kidole, akakaza skrubu. Tu-tu-tu, tu-tu, tu, puu. Kimya.

Mbogo akavuta. Ngrrr. Kimya. Akavuta tena. Ngrrr. Kimya. Wakwe wakaanza kukohoa kwa adabu.

"Ina nini hii?"

"Ni ya mtumba, Bwana Mbogo," akasema Nguchiro. "Imepita mikono mingi, tena imeshaibiwa mara mbili. Ikihisi imebeba mali ya watu, inagoma mpaka iambiwe ukweli."

"Iambie wewe."

"Mimi sikuchukua kitu."

Mbogo angeweza kuogelea, lakini mkwe hafiki ukweni amelowa. Basi Mbogo akainama, akainong'oneza mashine kwamba mahindi yale ni ya Kobe. Akavuta. Ngrrr. Kimya.

"Ni kuukuu," akasema Nguchiro. "Haisikii vizuri."

Mbogo akapaza sauti kidogo, akasema ya Kobe na ya Kanga. Nguchiro akalegeza skrubu nusu, akaminya pampu. Ngrrr, tu, tu, puu. Mbogo akaamini. Jasho likamtoka, kanzu ikamganda mgongoni. Akafumba macho, akasema kwa sauti yote aliyopewa na Mungu:

"Nimewanyang'anya wote. Hata mtumbwi si wangu."

Skrubu ikalegea yote. Ngrrr! Tu-tu-tu-tu! Mashine ikawafikisha mpaka miguuni pa wakwe. Hapo mama mkwe akafanya jambo ambalo hakuna mama mkwe aliyewahi kulifanya. Akageuka, akamtazama mkwe wake usoni.

"Rudisha," akasema.

Mbogo akajitupa majini na kanzu yake, akaingia kwenye tope, akabaki macho tu. Ndiyo maana mpaka leo anagaagaa topeni. Watu husema anakimbia nzi.

Nguchiro akarudisha mahindi. Majirani wakapokea bila kumtazama, na hakuna aliyesema asante, maana asante ingewakumbusha nani alipakia.

Kesho yake, habari ya mashine ipendayo ukweli ikiwa imeenea, wakaanza kwenda kwake, mmoja mmoja. Nguchiro akajificha majanini asikilize. Kobe akanong'ona juu ya yai la mtu. Nguchiro akacheka, mkono mdomoni. Nungunungu akanong'ona yake, Nguchiro akacheka. Akaja Kanga.

"Nilimbebea Mbogo chakula cha wanangu," akasema Kanga, "huku wao wananitazama."

Kicheko kikamkauka Nguchiro.

Kanga alipoondoka, Nguchiro akaenda kuwasha mashine. Skrubu akalegeza. Pampu ikawa ngumu. Choki akavuta. Kamba, ngrrr. Kimya. Ngrrr. Kimya. Akaikagua yote, haikuwa na kasoro. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akainama.

"Ilikuwa skrubu tu," akanong'ona. "Na mimi siku ile nilitazama kucha zangu."

Ngrrr! Tu-tu-tu-tu!

Fundisho lake ni hili: mwenye jambo la kuficha asinunue mashine ya mtumba, anunue mpya.

Hadithi imezimika hapa. Atakayeiwasha avute kamba mwenyewe, na asiniulize mimi nilinong'ona nini.