Mshipi, Chatu wa Mama Dama

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa tena, huko nyuma sijasikia!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Na wewe Mbeyu, acha kumfinya mwenzako. Ukimfinya tena sisimulii, nakwenda zangu kulala.

Hapo zamani mazimwi yalikuwa bado na adabu. Yalibisha hodi kabla ya kuingia.

Basi, palikuwa na mjane aitwaye Nyevu. Alikuwa na binti mmoja tu, Dama, mtoto ambaye bado ananyonya kidole. Kama watu wote wa kijiji chao, Nyevu aliweka mahindi yake kwenye uchaga, ile dari ya fito juu ya jiko, ili moshi uyakaushe na fukusi watoboao nafaka wasiyaguse. Kweli, fukusi hawakuyagusa. Waliyamaliza panya. Wakishiba mahindi wanashuka, wanamng'ata Dama visigino huku wanapuliza, na asubuhi mtoto hawezi kukanyaga chini.

Siku moja, hodi mlangoni.

"Karibu," akasema Nyevu.

Likaingia zimwi, jicho moja usoni, jingine kisogoni, gunia begani. Likatia mkono guniani, likatoa chatu mchanga, mwembamba kama mshipi wa kiunoni.

"Mchukue huyu," likasema. "Panya utawasahau. Sitaki malipo. Nitakuwa napita kukuuliza kama umemchoka. Siku ukimchoka, namchukua yeye, na mtoto wako namchukua."

Nyevu akamtazama chatu amejikunja kiganjani mwake, ametulia, macho kama shanga. Akacheka. "Babu, kitu kizuri namna hii nani atakichoka?"

"Wote husema hivyo," likajibu zimwi, likaenda zake.

Nyevu hakuuliza atakuwa mkubwa kiasi gani. Hakuuliza atakula nini panya wakiisha. Hakuuliza ataishi mpaka lini. Mnacheka? Nyinyi mngeuliza?

Akamwita Mshipi. Mshipi akapanda uchagani, kwenye joto, akawatafuna panya mpaka wakahama kijiji. Nyevu akawa anakwenda naye mtoni amemvaa shingoni, majirani wanamsindikiza kwa macho, naye anatembea kwa maringo.

Basi, Mshipi akakua. Akawa mnene kama mchi. Akawa mnene kama paja la mtu mzima. Akawa mnene hata fito za uchaga zikaanza kulia kila akigeuka.

Zimwi likapita. "Hodi! Mama Dama, umemchoka?"

"Bado, babu." Lakini safari hii hakucheka.

Siku moja Nyevu alikuwa ananyonyoa kuku. Hakunawa. Akanyanyua mkono ule ule kuchukua mahindi uchagani. Mshipi akasikia harufu ya kuku, na harufu ya kuku kwake ni chakula. Akauma, akajizungusha mkononi, akabana. Kila Nyevu akivuta, yeye anabana zaidi.

Bahati nzuri jirani yake, Mama Karembo, alikuwa anakuja kuomba moto.

"Usimvute kichwa, shoga!" akapiga kelele. "Tumfungue kuanzia mkiani!"

Wakamfungua pindo moja moja mpaka mkono ukatoka, umevimba, umepiga weusi.

Mama Karembo akamtazama Dama aliyekuwa anacheza na majivu. "Mkono wako huo ndio unene wa shingo ya mwanao," akasema.

Nyevu akalia.

Kesho yake akajenga kibanda pembeni mwa ua, kuta za nguzo, mlango mnene, kufuli. Akamtia Mshipi humo. Akampa kuku, hakula. Akampa panya buku, hakula. Akampa sungura, hakula. Ngozi ikapauka, akawa amelala tu.

"Amekasirika," watu wakasema. "Anakuwekea nafasi wewe tumboni. Katupe nyoka huyo!"

Hofu ikamwingia. Akajidanganya moyoni: nikimwacha msituni bila kusema neno, zimwi litajuaje? Basi wakamtia Mshipi kwenye tenga, yeye na Mama Karembo wakalibeba, Dama mgongoni mwa mama yake. Ukingoni mwa msitu Mama Karembo akaogopa kuendelea. Nyevu akaliburuta tenga mpaka uwandani, mahali peupe katikati ya miti.

Zimwi lilikuwa limekaa pale pale juu ya gogo, gunia wazi.

"Mama Dama, umemchoka?"

Nyevu akaanza kurudi nyuma.

"Hata usiposema. Ukigeuka ukaenda bila yeye, umeshanijibu." Likanyoosha mkono, likamgusa Dama kidole cha mguu. Kidole kikawa baridi.

Nyevu akafungua tenga. Mshipi akatoka polepole. Hakukimbilia msituni, hakumrukia mtu. Alijikokota mpaka kwenye jiwe lililopigwa na jua, akajilaza juu yake kwa urefu wote.

Hapo Nyevu akaelewa. Tangu utoto wake nyoka huyu amelala juu ya jiko. Na yeye amemjengea nyumba nzuri, kufuli nzuri, na hakuweka moto.

"Hana hasira," akasema. "Ana baridi. Mimi ndiye niliyemtia baridi. Babu, bado sijamchoka."

"Lakini unamwogopa!" likafoka zimwi.

"Namwogopa. Ndiyo maana nimeweka kufuli."

Akasubiri Mshipi aote jua, akamwita Mama Karembo kwa sauti mpaka akaja, wakamrudisha wote wawili. Njia nzima Dama yuko mabegani mwa mama yake, kidole chake cha mguu kinywani mwa mama, mpaka kikapata joto.

Ndani ya kile kibanda Nyevu akajenga uchaga wa Mshipi, na jiko chini yake, nyuma ya ukuta wa udongo asiweze kuungua. Akaweka beseni la maji la kuogelea. Akaweka amri: hakuna kumshika kabla ya kunawa kwa majivu. Hakuna kufungua mlango peke yako. Hakuna kumvaa shingoni ili watu waone. Mshipi akapata joto, akala. Moto ule haukuzimika, masika na kiangazi, na kuni alizichanja mwenyewe.

Miaka ikaenda. Dama akawa mwanamke. Nyevu akazeeka, mgongo ukapinda, mzigo wa kuni ukamshinda. Zimwi lilikuwa linangoja hilo hilo.

"Hodi! Mama Dama, umemchoka?"

Nyevu alikuwa amekaa kizingitini. Akatazama mikono yake. Jibu la kweli alilijua, na aliliogopa.

Mara mlango wa kibanda ukafungwa, kufuli ikalia. Akatokea Dama, majivu mpaka viwikoni, na nyuma yake Karembo, binti wa jirani, amebeba beseni.

"Shikamoo, babu," akasema Dama. "Mama amechoka, mwache apumzike. Habari za Mshipi niulize mimi. Ufunguo ninao mimi."

"Na wewe ukizeeka?"

"Karembo anajifunza."

Zimwi likafungua gunia lake, likachungulia ndani. Tupu. Likakaa chini uani kama mgeni aliyekosa gari.

"Miaka yote nagawa nyoka wadogo," likasema, "hakuna aliyewahi kunirudisha na njaa."

Dama akaliletea kata ya uji. Likanywa, likashukuru, likaondoka. Likalisahau gunia. Nyevu akalitumia kuwekea kuni za Mshipi.

Hadithi yangu imefika jikoni, imeota moto, na hapo ndipo inapolala. Mtu akikupa mnyama mchanga, muulize kwanza atakuwa mkubwa kiasi gani, atakula nini, atalala wapi, na siku wewe huwezi tena nani atashika ufunguo. Kama huna majibu, mwambie asante, usimpokee.

Haya, Mbeyu, kanawe mikono.